Uyoga wa kulevya: akishikwa na hofu, mfungueni kamba

Mvua zikishika Tabora, kuanzia Novemba hadi Aprili, uyoga unakuwa kitoweo cha nyumba nyingi. Akina mama wanapanga ndoo na masinia kando ya barabara za Sikonge na Urambo, watoto wanarudi na uyoga wa kichuguu wenye vichwa vipana, na wazee waliozoea miombo wanajua chini ya mti gani huota uyoga upi. Makala hii inahusu uyoga mwingine, ambao vijana wetu wanausikia kwenye simu zao na baadhi yao wanaletewa ukiwa umekaushwa na kutiwa kwenye vifuko: uyoga wa kulevya, unaomfanya mtu aone na asikie visivyokuwepo.

Sisi wa afya ya akili tunapompokea kijana aliyeujaribu kwa mara ya kwanza ukamzidi, mara nyingi majeraha tunayoyakuta, ya mwili na ya moyo, yametokana na namna alivyoshughulikiwa na waliokuwa karibu naye. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika, kwa kuwa ni jambo ambalo familia yoyote inaweza kulibadilisha leo.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Kilevi kilichomo kinaitwa silosibini. Mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, alikitenga mwaka 1958 kutoka kwenye uyoga wa Meksiko. Kikiingia mwilini hubadilika kuwa silosini, kemikali inayofanana sana na serotonini, ambayo ubongo huitumia katika hisia, usingizi na namna tunavyopokea tunayoyaona na kuyasikia. Silosini hukaa mahali pa serotonini, na ubongo unaanza kupokea dunia kwa utaratibu mwingine. Kwa kawaida dalili huanza kati ya dakika 20 na saa moja baada ya kula, hufika kileleni katika saa ya pili au ya tatu, na huisha ndani ya saa nne hadi sita. Zishike saa hizo, zitakusaidia zaidi ya jambo lingine lolote katika makala hii.

Kijana mmoja wa chuo (nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha) alikula uyoga mkavu chumbani kwa rafiki yake, huko Ng'ambo, saa kumi na mbili jioni, tumbo tupu. Nusu saa ikapita hajaona kitu. Wenzake wakamwambia huo mbovu, ongeza. Akaongeza. Hapa ndipo wengi wanapoangukia: kiasi cha kwanza kilikuwa bado kiko njiani, cha pili kikakifuata, vikapanda kwa pamoja. Ilipofika saa mbili ukuta ulikuwa unapumua. Alitazama mikono yake akaona ngozi inatembea. Moyo ukaenda mbio, akaamini anakufa. Baadaye kidogo akaamini ameshakufa na wale marafiki ni watu waliotumwa kumchukua. Akatoka mbio bila viatu.

Marafiki wakaogopa, wakapiga simu kwao. Mjomba wake na majirani walimkamata, wakamfunga mikono kwa kamba ya katani na kumlaza sebuleni chini ya taa kali. Watu walijaa. Mmoja anasema karogwa, mwingine anasema majini, mwingine ameweka mahubiri kwenye simu kwa sauti ya juu, mwingine anammwagia maji usoni. Kijana ambaye tayari aliamini amekufa na anachukuliwa, sasa kafungwa kweli, na kila uso unaomwinamia unageuka kuwa wa kutisha. Hofu yake ikapata ushahidi.

Alifikishwa hospitali saa tatu na nusu usiku. Muuguzi wa zamu aliomba ndugu wabaki wawili tu, mama na mjomba. Akazima taa ya chumbani, akaacha mwanga wa korido. Akafungua kamba, viwiko vya mikono vilikuwa vimechubuka vinavuja damu. Kisha akavuta kiti akakaa ubavuni mwake, asimkabili uso kwa uso, akamwita jina lake na kumwambia polepole: “Mimi ni nesi. Uko hospitali, Tabora. Ulikula uyoga, ndio unaokuonyesha haya. Sasa ni saa tatu na nusu. Ikifika saa sita utakuwa umepata nafuu kubwa. Siondoki.”

“Sista, nimekufa?”

“Hujafa. Shika mkono wangu. Unausikia?”

“Nausikia.”

Aliuliza swali lilelile tena na tena, na kila mara akajibiwa kwa maneno yaleyale, sauti ileile. Katikati ya maswali hayo alipimwa joto, shinikizo la damu, sukari na malaria. Sindano ya kumtuliza ilikuwa tayari kwenye trei na haikuhitajika. Saa saba usiku aliomba uji.

Kwa nini maneno machache yalifanya kazi ambayo watu kumi hawakuiweza? Silosini inaharibu hisia ya muda. Dakika tano zinakuwa ndefu bila mwisho, na mtu anaamini kwa dhati kwamba atabaki hivyo maisha yake yote. Ndiyo maana kumtajia saa, na kumwambia kwamba hali hii ina mwisho, ni tiba. Pia ubongo unakuwa wazi kupita kiasi kwa kila kinachoingia: sauti, mwanga, sura ya anayemtazama. Ukiingia kwa kelele na hofu, unamwongezea hofu. Ukiingia kwa utulivu, anaupata huo utulivu, ingawa si mara moja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kuwauliza watu 1,993 kuhusu safari yao ngumu kuliko zote ya uyoga huu, yaani zile saa mtu anapokuwa amelewa nao. Asilimia 39 waliiweka miongoni mwa mambo matano magumu kuliko yote waliyowahi kupitia maishani. Asilimia 11 walijiweka wenyewe au wenzao katika hatari ya kuumia. Na miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari hiyo, mbali na wingi wa kiasi kilicholiwa, yalikuwemo kukosa mahali pa starehe na kukosa mtu wa kumtegemea. Wamazateki wa Meksiko, ambao wametumia uyoga huu katika ibada za uponyaji tangu zamani, huufanyia usiku, ndani, pakiwa na mganga anayeongoza kwa sala na nyimbo hadi mwisho. Mganga María Sabina alijulikana duniani kwa kazi hiyo. Hata kwa watu hao wenye mila nao, mgonjwa haachwi peke yake, wala hazungukwi na umati.

Kwa hiyo ukimkuta mwanao, mdogo wako au mpangaji mwenzako katika hali hiyo, punguza watu, punguza mwanga, zima redio. Abaki mtu mmoja anayemwamini. Ondoeni visu, funguo za pikipiki na chochote cha moto, mfunge mlango wa barabarani. Usibishane naye kuhusu anachokiona, wala usikikubali. Mwambie ni uyoga na utaisha. Mpe maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza. Asipewe gongo ili alale, asivutishwe bangi ili atulie: bangi huichochea hofu hiyo, na pombe inamwongezea hatari ya kujitapikia na kupaliwa. Na asifungwe. Kamba inaumiza mishipa ya fahamu, inamfanya apambane hadi mwili upate joto la hatari, na jeraha lake la ndani linadumu kuliko michubuko. Akiwa anaelekea kujiumiza au kuumiza wengine na hamwezi kumzuia kwa maneno, mpelekeni hospitali.

Wapo wanaosema uyoga unafundisha, na katika utafiti ule ule asilimia 84 ya waliojibu walisema walifaidika na safari yao ngumu. Siwapuuzi. Ila waliojibu ni wale waliopita salama na wakawa tayari kujaza dodoso, na humohumo wamo watu watatu ambao dalili za kuchanganyikiwa kwao zilidumu. Yule kijana wetu alirudi kliniki baadaye. Hakutaka sana kuongea juu ya ukuta uliopumua. Alitaka kuongea juu ya ada ambayo baba yake aliuza ng'ombe kuilipa, na masomo aliyofeli akaficha. Hofu hiyo alikuwa nayo kabla ya uyoga. Ndiyo iliyomngoja kule. Nafikiri fundisho lake lilikuwa la kweli, na nafikiri pia angeweza kulipata kwenye benchi la kliniki, mikono yake ikiwa mizima. Mtu mwenye mzigo mzito moyoni, na hasa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili, ndiye ninayemsihi zaidi asiuguse.

Ni kweli kuna matumaini ya kitabibu. Marekani, mamlaka ya dawa iliipa silosibini mwaka 2018 hadhi ya kuharakishiwa majaribio kwa ajili ya sonona isiyosikia dawa, na Australia tangu Julai 2023 inawaruhusu madaktari bingwa wa akili wenye kibali kuitumia kwa wagonjwa wa aina hiyo. Lakini mgonjwa wa huko amechunguzwa kabla, kiasi kinajulikana, ameandaliwa kwa mazungumzo, na wataalamu wanakaa naye saa zote. Kifuko kinachopita mkono kwa mkono hakina hata kimoja kati ya hivyo. Pia silosibini imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kundi lenye udhibiti mkali kuliko yote.

Siku zinazofuata, mwacheni alale, ale, aongee akitaka. Msimtanie. Asirudie “kwenda kumalizia”. Zikipita siku mbili hajalala, anasikia sauti, anaongea peke yake au anasema hataki kuishi, mleteni kliniki bila kungoja.

Limebaki jambo ambalo utulivu peke yake hauliwezi, nalo ni kukosea uyoga. Baadhi ya uyoga wa kulevya ni mdogo, wa kahawia, na upo uyoga mdogo wa kahawia unaofanana nao wenye amatoksini, sumu ileile iliyomo kwenye Amanita phalloides, uyoga unaojulikana kwa kuua. Kuupika, kuukausha au kuuchemsha kama chai hakuiondoi. Aliyekula sumu hii hukaa kimya saa sita au zaidi, hata siku nzima, kisha huanza kutapika na kuharisha vikali. Baadaye anapata nafuu, familia inashukuru Mungu, na wakati huohuo ini linakufa. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga wowote, hata wa mboga, akianza kutapika na kuharisha zikiwa zimepita saa sita au zaidi tangu ale, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na nafuu ya siku ya pili isimrudishe nyumbani. Degedege, homa kali au kuzimia ni dharura saa yoyote. Mkoa wetu una malaria nyingi, na malaria kali huchanganya akili. Msiseme “ni uyoga tu” kabla hajapimwa. Mdomo ukikauka kabisa, ngozi ikawa ya moto na mkojo ukagoma, huenda alichokula ni mnanaha, mmea wenye sumu, na huo huweza kumchanganya mtu kwa siku kadhaa.

Mapokezi watauliza amekula nini, saa ngapi, kiasi gani, na kama alichanganya na pombe, tramadoli au dawa anazotumia kila siku. Wajibuni ukweli, hasa kama anatumia lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, kwa kuwa wapo waliopata degedege kwa kuvichanganya. Mabaki ya uyoga, hata kipande kilichookotwa kwenye matapishi, yafungeni kwenye karatasi kavu mje nayo. Kwenye mfuko wa plastiki yanaoza kabla hayajatazamwa.