Programu ikileta hasara, mteja anadai nini?

Fungua leseni ya karibu programu yoyote, shuka mpaka kwenye aya zilizoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Utakuta programu inatolewa "kama ilivyo", bila dhamana ya aina yoyote. Chini kidogo kuna sharti la pili: hata hasara ikithibitika, kampuni haitalipa zaidi ya ada ambayo mteja ameilipa, mara nyingi ya miezi 12 iliyopita. Muuza jiko la gesi akikuandikia maneno hayo kwenye risiti, utamwachia jiko lake. Kwa programu tumeshazoea kubofya "Nakubali".

Utetezi wa kampuni ni kwamba hakuna programu isiyo na hitilafu. Ni kweli, na yeyote aliyewahi kuandika msimbo wa maelfu ya mistari anajua. Tatizo ni kwamba nyuma ya ukweli huo hupitishwa jambo jingine ambalo si kweli: kwamba madhara ya hitilafu nayo hayazuiliki, kwamba ajali haina kinga. Kati ya hitilafu na hasara ya mteja huwa kuna vizuizi kadhaa, na kila kizuizi kina watu waliopewa kazi ya kukisimamia. Ninapotathmini tukio, sihangaiki sana na aliyeandika mstari wenye kosa. Nahesabu vizuizi ambavyo kosa lilivipita, kisha nauliza ni vipi kati ya hivyo vilikuwa vinajulikana kwenye fani na havikuwekwa.

Tukio la tarehe 19 Julai 2024 linafaa sana kwa hesabu hiyo. CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi, ilituma kwenye kompyuta za wateja wake faili ndogo ya maelekezo ya kutambua mashambulizi, faili namba 291. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka kwa skrini ya buluu na hazikuweza kuwaka tena. Ndege hazikuruka, hospitali zikaahirisha huduma.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Maelekezo mapya yalihusu vipengele 21 vya taarifa, wakati programu iliyokuwa tayari kwenye kompyuta ilikuwa inaleta 20. Majaribio ya awali hayakuliona pengo hilo kwa sababu kipengele cha 21 kilikuwa kimejazwa alama yenye maana ya "thamani yoyote inafaa", hivyo programu haikuwahi kulazimika kukisoma. Siku maelekezo yalipokitaja kwa thamani halisi, programu ikaenda kusoma eneo la kumbukumbu ambalo si lake. Programu ya kawaida ikifanya hivyo hufungwa peke yake na kazi nyingine zinaendelea. Hii ilikuwa inafanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, na kiini kikianguka, kompyuta nzima imeanguka. Kwa kuwa hupakiwa mapema kabisa wakati wa kuwasha, kila kompyuta ilipowashwa ilianguka upya.

Sasa hesabu. Msimbo ulipaswa kuhakiki idadi ya vipengele kabla ya kuvisoma, jambo la mstari mmoja au miwili. Kulikuwa na kihakiki cha faili kabla hazijatumwa, lakini nacho kiliandikwa kwa dhana ile ile kwamba vipengele 21 vipo. Faili ikasambazwa kwa wateja wote bila awamu. Wateja waliochagua kubaki toleo moja au mawili nyuma walidhani wamejikinga, kumbe uchaguzi wao ulihusu toleo la programu tu, faili za maelekezo ziliupita pembeni. Na hapakuwa na utaratibu wa kompyuta kujirudishia faili ya awali baada ya kushindwa kuwaka. Kampuni iliiondoa faili hiyo baada ya dakika 78, lakini kompyuta iliyokwisha kuanguka inapokeaje marekebisho? Ikabidi mtu aifikie karibu kila mashine, aiwashe kwa hali salama na afute faili inayoanza na C-00000291. Penye diski iliyosimbwa, yaani kufungwa ili isisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows, ilibidi kwanza aingize ufunguo wa tarakimu 48.

Baadaye kampuni ilitangaza kwamba imeongeza uhakiki wa idadi, itasambaza faili hizo kwa awamu, na itawapa wateja uwezo wa kuamua lini wazipokee. Hatua zote tatu zilikuwa mazoea ya kawaida kwenye fani hii miaka mingi kabla ya 2024. Hapo ndipo ninapoweka mpaka kati ya bahati mbaya na uzembe: kinga ilijulikana, gharama yake ilikuwa ndogo, idadi ya watakaoumia ilikuwa kubwa, na bado haikuwekwa.

Usambazaji wa awamu unastahili maelezo zaidi, maana wengi wanadai wanaufanya na wanaufanya vibaya. Anza na kompyuta za kampuni yenyewe. Fuata na asilimia 1 ya wateja, kundi lililochanganywa kwa makusudi: matoleo ya zamani na mapya ya mfumo endeshi, mashine dhaifu na zenye nguvu, lugha tofauti za kiolesura. Kisha asilimia 10, 50, ndipo wote. Kati ya awamu na awamu upite muda wa kutosha mashine nyingi ziwe zimezimwa na kuwashwa angalau mara moja, kwa kuwa hitilafu mbaya zaidi hujificha hadi wakati wa kuwasha. Kosa kubwa liko kwenye kipimo. Wengi hukaa wakisubiri ripoti za kuanguka, ilhali mashine iliyoanguka kabisa haitumi ripoti yoyote, na ubao wa vipimo utaonekana mtulivu kuliko siku zote. Kinachopaswa kupimwa ni ukimya: kati ya mashine 1,000 zilizopokea sasisho, ngapi zimetoa ishara ya uhai ndani ya dakika 15, na kwa kawaida saa kama hiyo huwa ngapi? Pengo likizidi kiwango kilichowekwa, usambazaji usimame wenyewe bila kumsubiri mtu. Atakayesema masasisho ya ulinzi hayawezi kusubiri, nakubaliana naye kwamba hayawezi kusubiri wiki. Saa moja kwenye kundi la kwanza yanaweza.

Tukio la 2017 la Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, lina sura tofauti. Udhaifu ulikuwa kwenye Apache Struts, sehemu ya programu iliyoandikwa na wengine, na marekebisho yake yalitoka Machi mwaka huo. Wavamizi waliingia Mei na hawakugunduliwa hadi mwisho wa Julai. Taarifa za watu wapatao milioni 147 ziliibwa. Agizo la kusasisha lilikuwa limetolewa ndani ya kampuni, lakini waliolipokea hawakujua seva iliyokuwa na sehemu hiyo, na uchunguzi wa kiotomatiki uliofanywa haukuiona. Tena, kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyosimbwa kilikuwa hakikagui kwa sababu cheti chake kilikuwa kimeisha muda kwa miezi mingi. Desemba 2021 dunia nzima ilikumbana na tatizo hilo hilo kwa Log4j, sehemu nyingine ya programu iliyogundulika kuwa na udhaifu: watu hawakuulizana namna ya kurekebisha, waliulizana kama wanayo. Ilikuwa imezikwa ndani ya bidhaa za wauzaji wengine, tabaka tatu au nne chini.

Kwa hiyo mteja ana haki ya kudai orodha ya sehemu zote zilizomo ndani ya programu anayonunua, yenye jina na namba kamili ya toleo la kila sehemu, iliyo katika muundo ambao kompyuta inaweza kuusoma, kama CycloneDX au SPDX. Orodha hiyo itengenezwe na mfumo wenyewe kila toleo linapojengwa. Ile inayojazwa kwa mkono kwenye lahajedwali hupitwa na wakati haraka, na inapotosha kuliko kukosa orodha kabisa.

Mambo mengine hayahitaji mjadala mrefu. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu jozi takriban 60 za majina na nywila za kiwandani, kisha ikatumika kuangusha huduma za Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watumiaji wa intaneti kwenye tovuti, mwezi Oktoba. Nywila moja kwa vifaa vyote vya aina moja ni uamuzi wa mtengenezaji, na kumlaumu mnunuzi kwa kutoibadilisha ni kumtwisha mzigo ambao kiwanda kingeuondoa kwa kubandika nywila ya pekee chini ya kila kifaa. Uingereza imepiga marufuku mtindo huo tangu tarehe 29 Aprili 2024, na inamtaka mtengenezaji atangaze kipindi cha chini ambacho kifaa kitapata masasisho ya usalama.

Kuhusu masasisho yenyewe, lawama huwaendea watumiaji: hawasasishi. WannaCry, programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia, ilienea tarehe 12 Mei 2017, wakati marekebisho ya Microsoft yalikuwa nje tangu 14 Machi. Lakini tuulize kwa nini watu wanaogopa kusasisha. Wanaogopa kwa sababu kampuni nyingi hufungasha marekebisho ya usalama pamoja na mwonekano mpya, matangazo, na vitufe vilivyohamishwa. Mtumiaji aliyewahi kupoteza kazi ya asubuhi nzima kwa sasisho la namna hiyo atalizima, na uamuzi wake una mantiki. Marekebisho ya usalama yatolewe peke yake, yawe madogo, na yaweze kurudishwa nyuma.

Kisha kuna taarifa baada ya tukio, na hapa naomba msomaji awe makini na sentensi moja: "Hatujaona ushahidi kwamba data za wateja zilifikiwa." Inaweza kumaanisha kwamba kumbukumbu za matukio zilikaguliwa zote na hazikuonyesha kitu. Inaweza pia kumaanisha kwamba kumbukumbu hazikuwepo, au zilifutwa baada ya siku 30 wakati mvamizi alikuwa ndani kwa siku 80. Kwa maandishi zote mbili zinafanana. Mwaka 2023 wavamizi walisoma barua pepe za idara za serikali ya Marekani zilizokuwa kwenye huduma ya Microsoft, na aliyewagundua alikuwa mteja aliyelipia daraja la juu lenye kumbukumbu za kina. Wenye daraja la chini hawakuwa na cha kuangalia. Julai mwaka huo Microsoft ilitangaza kuwapa wateja wengi zaidi kumbukumbu hizo bila malipo ya ziada na kurefusha muda wa kuzihifadhi kutoka siku 90 hadi 180. Msimamo wangu ni kwamba kumbukumbu za nani aliingia, lini, kutoka wapi na alifungua nini ni sehemu ya bidhaa. Kuziuza kama nyongeza ni kumtoza mteja ili ajue kama ameibiwa.

Sheria zinaanza kufuata. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayozitaka kampuni zinazouza bidhaa za kidijitali zitoe tahadhari ndani ya saa 24 zinapojua udhaifu unatumiwa na wavamizi. Wajibu huo wa kuripoti unaanza tarehe 11 Septemba 2026 na sehemu kubwa ya mengine tarehe 11 Desemba 2027. Sheria nyingine ya umoja huo inaihesabu programu kuwa bidhaa, sawa na mashine, panapohusika fidia ya madhara.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la waandishi wa programu huria. Udhaifu wa Heartbleed ulipotangazwa Aprili 2014, OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano iliyokuwa na udhaifu huo, ilikuwa inalinda sehemu kubwa ya tovuti duniani huku ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kumdai fidia anayegawa kazi yake bure ni dhuluma, na kwake neno "kama ilivyo" ni halali kabisa. Wajibu uanze pale mtu anapoichukua kazi hiyo, akaiweka ndani ya bidhaa na kuiuza. Yeye ndiye mwenye mapato, na yeye ndiye mwenye wateja. Hoja kwamba kampuni changa zitakufa naiona dhaifu zaidi: nywila ya pekee, anwani ya kupokea taarifa za udhaifu, na tarehe ya mwisho ya masasisho haviui kampuni.

Kabla ya kusaini mkataba, yapo majaribio mawili ambayo hayahitaji ruhusa ya muuzaji. Andika anwani ya tovuti yake ukifuatisha /.well-known/security.txt. Faili hiyo ina waraka wake wa kiufundi, RFC 9116, na inapaswa kuonyesha mahali pa kuripoti udhaifu pamoja na tarehe ya mwisho wa uhalali wake. Ikikosekana, au tarehe ikiwa imepita, umejua mtafiti atakayegundua tatizo atahangaika kiasi gani kumpata mtu. Pili, soma maelezo ya matoleo yake ya mwaka mzima uliopita. Muuzaji anayeandika "marekebisho madogo na maboresho ya utendaji" kila mwezi, bila kutaja udhaifu hata mmoja, anarekebisha kimya kimya, na wewe hutajua ni toleo lipi huwezi kulichelewesha.

Kisha mwulize kwa maandishi: masasisho ya usalama yanakoma tarehe gani? Udhaifu mkubwa mnaurekebisha ndani ya siku ngapi, na mnaanza kuhesabu lini, tangu mlipoambiwa au tangu mlipothibitisha? Naweza kurudi toleo la nyuma bila kuwapigia simu? Kumbukumbu za matukio mnazihifadhi siku ngapi, na naweza kuzipakua mwenyewe? Majibu yaingizwe kwenye kiambatisho cha mkataba, na hakikisha kiambatisho kinasema kwamba kinatangulia leseni pale vinapogongana. Bila sharti hilo, ile aya ya herufi kubwa inaweza kuyafuta yote mliyokubaliana.