Gyeongpodae: Banda Lililojengwa Ili Mtu Aketi

Wageni wengi wanaofika Gyeongpodae, katika mji wa Gangneung ulioko pwani ya mashariki ya Korea Kusini, hulipiga picha banda hilo wakiwa nje, kisha wakaenda zao ufukweni. Hao huwa hawajaliona. Jengo la namna hii halina kuta. Sakafu yake ya mbao imeinuliwa, na paa lake zito la vigae limebebwa na nguzo tupu, ili upepo upite na macho yasizuiliwe. Kwa Mswahili, kilicho karibu nalo zaidi ni baraza, ingawa waliobarizi hapa walikuwa wasomi na maofisa wa ufalme, wakitunga mashairi huku vikombe vya pombe vikizunguka.

Kwa hiyo vua viatu, panda, uketi. Sakafu utaikuta imepangwa kwa vimo vitatu, jambo lisilo la kawaida katika mabanda ya Korea, na juu yako vimetundikwa vibao vya maandishi, kimojawapo kikiisifu mandhari hii kuwa ndiyo ya kwanza. Mbele limetanda Ziwa Gyeongpo, ambalo jina lake linabeba maana ya kioo. Ukanda wa mchanga ndio unaolitenga na bahari.

Banda lilijengwa mwaka 1326, enzi za Goryeo, ufalme wa kale wa Korea, likahamishiwa kilimani hapa mwaka 1508, na tangu hapo limekarabatiwa mara kadhaa. Serikali ililiorodhesha miongoni mwa Hazina za nchi mwaka 2019. Miaka minne baadaye, Aprili 11, 2023, moto wa msituni uliosukumwa na upepo mkali ulilikaribia kiasi kwamba wahusika walivitungua vibao saba na kuvipeleka mahali salama, huku wazimamoto wakizilowesha mbao kwa maji. Banda lilinusurika, lakini jingine la jirani liliteketea.

Kutoka Seoul, treni ya mwendokasi hufika Gangneung kwa takriban saa mbili, na mwanzoni mwa Aprili micheri huchanua kando ya ziwa. Wenyeji husimulia kwamba usiku wa mwezi mpevu huonekana hapa miezi mitano: angani, baharini, ziwani, kikombeni na machoni mwa umpendaye. Siku hizi hoteli ndefu zimesimama baina ya ziwa na bahari, hivyo huo wa pili inabidi kuutafuta kwa kuchungulia.