Ile asilimia 35 haikuwa ya nesi

Juzi mama mwenye nyumba wangu huku Buhongwa, Mwanza, kanisubiri mlangoni asubuhi, natoka zamu ya usiku, miguu imevimba, hata viatu sijavua, ananiambia sista kodi inapanda elfu 30 kwa sababu "si Mama kawaongezea asilimia 35". Huyo ni wa nne. Kabla yake konda wa daladala, shemeji yangu, na mama anayeniuzia dagaa pale mwaloni Kirumba ambaye siku hizi hanipunguzii hata mia. Nimechoka kueleza mmoja mmoja kwa hiyo leo naandika.

Mei Mosi 2025 pale Singida Rais Samia, ndo huyo Mama, alitangaza KIMA CHA CHINI cha watumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Hiyo ndo 35.1. Ni ya kima cha chini, yaani mtu wa ngazi ya mwisho kabisa ndo anaipata yote, sisi tulio juu yake tunaongezwa kwa viwango vingine. Kwenye ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, nesi wa diploma anaanzia TGHS B, wa digrii TGHS C, zote ziko juu ya kima cha chini, sasa ile namba ya redioni ilikuwa ya nesi tangu lini? Na 2022 ilikuwa hivyohivyo, kikatoka 300,000 kwenda 370,000, mtaani ikaimbwa 23.3, watu wodini wakapiga hesabu za kumalizia nyumba, Julai slipu zikatoka, kimya.

Halafu makato. Chukua mshahara wa laki 8, ni mfano tu. PSSSF, mfuko wa pensheni yetu, asilimia 5, elfu 40. Bima ya afya 3, elfu 24. Chama cha wafanyakazi 2, elfu 16. Kodi ya mshahara inakuja 68,000. Kama ulisomeshwa na bodi ya mikopo wanakata 15, laki na elfu 20 hiyo. Umebaki na 532,000 na hujapanda daladala.

Lakini kinachoniuma mimi sio makato, kila mtumishi anakatwa. Kinachoniuma ni usiku. Watu wanaona nesi analipwa mshahara basi usiku umo humohumo ndani, kwani si ndo kazi yake? Hapana jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema usiku ni kuanzia saa 2 mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zikizidi kila saa ni mara moja na nusu. Na sheria hiyo inagusa watumishi wa umma pia, wanaoachwa nje ni majeshi. Kituoni kwetu zamu ya usiku ni ya masaa 12, ukipiga nne mfululizo ni 48, na hapo sijahesabu muda wa kukabidhiana. Tunachopata ni posho ya saa za ziada, na hiyo inatoka kwenye makusanyo ya kituo, mwezi makusanyo yakiwa mabaya unaambiwa subiri. Nilishasubiri miezi saba.

Nikuoneshe usiku wenyewe. Leba niko mimi na mhudumu mmoja. Kina mama wawili, uchungu umechanganya, kila mmoja partogramu yake, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, inataka mapigo ya mtoto kila nusu saa. Saa 9 analetwa wa tatu kutoka kisiwani, kaja na mtumbwi wa injini, kajifungulia huko, damu inatoka mpaka kitenge chote kimelowa. Naweka kanula mshipa wa kwanza unapasuka, wa pili unakubali, oksitosini ya kubana kizazi, dripu, mhudumu kashika tochi ya simu maana taa ya upande ule imekufa, mkono wangu mmoja unasugua kizazi juu ya tumbo na mwingine uko chini unahesabu damu kwa vitambaa. Kitanda namba 2 anaita, "sista, mtoto anakuja". Nikamwambia mhudumu nenda wewe. Yule sio mkunga, ila mtoto alilia, nilimsikia nikiwa hukohuko na mkono wangu juu ya tumbo. Wote walitoka wazima. Ule usiku kwenye slipu haupo.

Najua kuna atakayesema uuguzi ni wito. Wito upo, bila wito ningeshaacha, lakini mwenye duka hapokei wito.

Wapo wenzangu wanasema basi tupigane posho ziongezwe. Hapa sikubaliani nao sana. Mafao yanapigwa kwenye mshahara, posho haihesabiki, ukistaafu na posho nene unaondoka na pensheni nyembamba. Ila nikiri, mshahara ukipanda sawa kwa wote, yule wa zahanati ya kisiwani anayezalisha peke yake miaka na yule wa kliniki ya mchana wanapata kilekile, na hapo sioni njia nyingine ya kumtambua huyu wa kisiwani isipokuwa posho. Nimelifikiria muda mrefu na bado nayumba.

Mgomo nao hatuna, afya ni huduma muhimu kisheria, haturuhusiwi. Na mimi naona ni sawa, usiku ule ningemwacha nani? Lakini wewe serikali ukishaninyima mgomo basi nilipe kwa wakati, maana kauli yangu umebaki nayo wewe.

Jumamosi nikampelekea mama mwenye nyumba slipu, jina nimelifunika kwa kidole. Kavaa miwani, kasoma mstari kwa mstari mpaka chini, karudi juu, akauliza, "na ya usiku imeandikwa wapi, mbona kila nikiamka kuswali alfajiri hujarudi?" Nikamwambia haimo humu mama, hiyo inasubiriwa. Tumekubaliana elfu 10 kuanzia mwezi ujao.