Usiandike "sababu binafsi" kama tatizo ni meneja

Kuna sentensi moja kwenye barua za kuacha kazi naichukia sana, "naacha kazi kwa sababu binafsi". Mtu katukanwa mwaka mzima mbele ya wateja, likizo ananyimwa, shifti inapanguliwa saa tano usiku kwa meseji ya WhatsApp, siku akichoka anaandika hiyo sentensi ili aondoke kwa amani, halafu wiki mbili mbele anakuja kwenye usuluhishi anasema mi sikuacha, nililazimishwa. Mwajiri wala hahangaiki, anaitoa ile barua anaiweka mezani. Sasa hapo msuluhishi afanyeje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (hapa naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana yao, na watumishi wa umma wana ngazi zao za malalamiko za kuanzia) inajua kwamba kuna kuacha kazi na kuna kuachishwa kwa mlango wa nyuma. Mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka ukaandika barua, unahesabika umeachishwa na yeye. Na tofauti ni hela jamani. Ukiacha mwenyewe sheria haimlazimishi akupe kiinua mgongo, ukiachishwa na ulishafikisha mwaka unapata siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10, na hapo fidia bado hatujaigusa. Ila kudai kwamba umeachishwa isivyo halali kunataka uwe umefanya kazi kwa huyo mwajiri angalau miezi 6.

Isivumilike maana yake nini sasa, hapo ndo wengi wanajikwaa. Bosi asiyesalimia, bosi anayeangalia saa kila ukiingia, bosi mwenye gubu, huyo ni kero tu, na kwa kero peke yake kesi hushindi. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinazoendana na sheria hiyo, ile kanuni ya 7, zinataja unyanyasaji wa kingono au mwajiri kushindwa kukulinda nao, halafu zinataja kutendewa isivyo haki, lakini kwa sharti kwamba ulishatumia njia za malalamiko zilizopo hapo kazini, labda uwe na sababu ya maana ya kutozitumia. Kama anayekusumbua ndo mwenye kampuni na malalamiko yote yanaishia kwake, hiyo inaeleweka. Ila kuja kusema tu "HR ni rafiki yake" bila chochote mkononi, mmh, itakuwa ngumu.

Kwa hiyo kabla ya barua ya kuacha kazi iwepo barua ya kulalamika. Tarehe, alisema nini, nani alikuwepo. Peleka, omba wakugongee muhuri au wasaini kwenye kopi yako, wakikataa itume kwa email na nakala iende kwenye email yako binafsi, maana ile ya ofisi siku unatoka wanaifunga na ushahidi wako wote unabaki humo ndani (hii nimeiona mara nyingi mpaka inaniuma).

Halafu mambo mengine hata hayahitaji uache kazi. Meneja anakukata mshahara kwa glasi zilizovunjika wakati hujakubali popote kwa maandishi, huo sio ukali, ni kuvunja sheria, na hata ukikubali makato hayo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara wako. Ovataimu vilevile, mwisho ni masaa 50 ndani ya wiki 4 na inalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Migogoro ya hivi unaipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ukiwa bado uko kazini, ndani ya siku 60 tangu litokee.

Ukiona sasa basi, unaondoka, toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 kama mkataba hausemi zaidi, na ukigoma kuzifanyia kazi wanaweza kukata hela ya hizo siku kwenye stahiki zako. Ukishatoka una siku 30 tu za kujaza na kupeleka fomu namba 1 ya CMA, ile ya kufungua mgogoro, zikipita unaanza kuomba uongezewe muda na ujieleze kwa nini ulichelewa, na "nilikuwa nasubiri waniite tuyamalize" nimeisikia sana, mara nyingi haisaidii.

Barua yenyewe isiwe ya kurasa nne za hasira, nusu ukurasa inatosha: nililalamika tarehe fulani, nikakumbusha tarehe fulani, hakuna kilichofanyika, hali ni hii, nashindwa kuendelea. Najua mnaogopa kuandika hivyo kwa sababu ya kazi inayofuata, mnawaza hawa watu watanibania. Lakini cheti cha utumishi, ile karatasi ya kuonyesha ulifanya kazi pale, sio hisani ya meneja, mwajiri analazimika kukupa ajira ikiisha, hata kama mmeachana kwa ugomvi na hamsalimiani.