Mkanda mweusi si cheti cha kumaliza shule

"Sensei, kwa hiyo mwanangu sasa amemaliza?"

Mama aliyeniuliza hivyo Jumamosi iliyopita alikuwa na furaha tele usoni, sikutaka kumharibia. Mwanawe alikuwa amefaulu mtihani wa shodan, mkanda mweusi wa kwanza wa karate, hata saa moja haijapita. Mkanda ulikuwa bado mgumu, ncha zake zimesimama pembeni, zimekataa kulala. Nikamwambia, "Mama, ndiyo kwanza anaanza." Akacheka. Aliona ni maneno ya kiualimu, yale ya kumtia mtoto moyo. Kumbe nilikuwa namtafsiria neno lililoandikwa kwenye cheti alichokishika mkononi.

Nafundisha karate ya mtindo wa Shotokan, mwaka wa ishirini na mbili huu. Swali hilo nimeulizwa na wazazi, na majirani, na wanafunzi wenyewe wakiwa wamevaa gi, nguo nyeupe za mazoezi. Safari hii nimeona nilijibu kwa maandishi, na mengine machache humohumo.

"Ukishapata mkanda mweusi umefika"

Hii ndiyo inayoniumiza, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tuanze na neno. Dan ni ngazi. "Moja" kwa Kijapani ni ichi, lakini humsikii mtu akiitwa ichidan. Tunasema shodan, na hiyo sho huandikwa kwa herufi ya mwanzo, ya jambo linaloanza. Ngazi ya kuanzia. Ndiyo maana kyu, zile ngazi za kabla ya mkanda mweusi, zinahesabiwa kurudi nyuma: katika dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, unaanzia ya kumi, ukaja ya tisa, ya nane, mpaka ya kwanza, kama mtu anayehesabu siku zilizobaki kabla ya safari. Shodan ndiyo asubuhi ya kupanda basi. Kuanzia hapo hesabu inageuka, dan zinapanda.

Tena mikanda yenyewe ni mgeni ndani ya karate. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, aliazima ngazi za dan kutoka mchezo wa ubao wa go, akatoa dan za kwanza mwaka 1883. Mkanda mweusi ukaanza kuvaliwa kwake mwaka 1886. Wakati huo watu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ilikozaliwa karate, walikuwa wakirithishana karate vizazi na vizazi bila mkanda wala cheti. Mwalimu alijua nani ameiva kwa kumtazama. Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan yetu, alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuionyesha karate, akajuana na Kano, na mwaka 1924 ndipo alipotoa dan za kwanza kwa wanafunzi wake. Chojun Miyagi, baba wa Goju-ryu, mtindo uliotia mizizi Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, alifariki mwaka 1953 bila kumpa mwanafunzi wake hata mmoja dan. Wanafunzi wake walikuwa wanafuata nini kila jioni? Walifuata mazoezi. Hakukuwa na kitu kingine cha kufuata.

Sasa twende ukumbini, maana historia peke yake haimshawishi mtu.

Nikimtahini mtu wa mkanda wa kahawia kwa ajili ya shodan, ninachotafuta ni kama mwili wake umejifunza alfabeti. Zenkutsu-dachi yake, mkao wa goti la mbele kukunjwa, imekaa? Hikite, mkono unaovutwa nyuma, inarudi mpaka kwenye nyonga au inaishia njiani? Akigeuka, kichwa kinatangulia? Basi. Sitafuti ufundi mkubwa, kwa sababu haupo bado. Mtu wa kahawia hupiga gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, kwa bega. Nyonga inazunguka, ndiyo, lakini inachelewa: ngumi imeshafika, nyonga inafuata nyuma kama mkokoteni. Ukimtazama kisigino cha nyuma unakikuta hewani, nguvu yote imevujia hapo. Kurekebisha jambo hilo moja, mpaka sakafu, kisigino, nyonga na ngumi viwe kitu kimoja, kunachukua miaka, na miaka hiyo karibu yote iko upande wa pili wa shodan.

Huko upande wa pili ndiko maai, umbali kati yako na mpinzani, inakoacha kuwa neno la kwenye karatasi ya mtihani na kuwa kitu unachokihisi kwenye ngozi. Ndiko unakojifunza sen no sen, kumpiga mtu akiwa ndiyo kwanza ameamua kuja. Ndiko unakojifunza kulegea. Mkanda wa kahawia hajui kulegea, amekaza kila kitu kuanzia taya, na ukimwambia alegee anakuwa mlenda. Kukaza kwa nukta moja tu, pale ngumi inapofika, kisha kuachia, ndiyo kime, nami mwenyewe bado naitafuta.

Kwa hiyo mtu akipokea shodan kisha akaacha, ameacha mlangoni. Na wanaacha! Tunapoteza vijana wengi zaidi katika mwaka unaofuata mkanda mweusi kuliko katika mwaka unaoutangulia. Miaka minne wamekuja mvua na jua, wametembea kwa miguu nauli ilipokosekana, halafu wanapata walichokitaka na gi inaning'inia nyuma ya mlango. Funakoshi aliwaachia wanafunzi wake kanuni 20, na mojawapo inaifananisha karate na maji ya moto: ukiondoa kuni, yanapoa. Mkanda ulio kabatini hauongezi kuni. Nimepokea watu wa nidan, dan ya pili, waliokaa pembeni miaka sita, wakarudi wakidai mahali pao mstari wa mbele. Mahali pao nawapa, kwa heshima. Dakika kumi za kihon, mazoezi ya msingi, zinamwonyesha kila mmoja, akiwemo yeye, yaliyopoa.

Dawa yangu ni ileile kila siku, na wanafunzi wangu wameichoka. Kwanza, Heian Shodan, kata ya mwanzo (kata ni mfululizo wa miondoko uliopangwa), hatua 21, polepole, kila asubuhi, hata uwe na dan ngapi. Anko Itosu, mwalimu wa Okinawa, alizitunga kata hizi za Heian kwa ajili ya watoto wa shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wanazidharau kwa sababu hiyohiyo. Wanataka kata kubwa: Kanku Dai, wanataka Unsu ya kuruka. Lakini kasoro zako zote zinaonekana katika Heian Shodan kwa sababu haina pa kujificha. Hakuna mruko wa kumzubaisha mtazamaji. Mtihani wa shodan wengi hawaangushwi na kata ya Bassai Dai waliyoifanyia mazoezi mwaka mzima. Wanaangushwa mtahini anapowarudisha Heian Sandan bila kuwaonya.

Pili, daftari. Daftari la kawaida la shule, la karatasi 48. Ukitoka mazoezini andika kasoro moja tu uliyoambiwa leo, na tarehe. Moja. Usiandike "mazoezi yalikuwa mazuri". Baada ya miezi sita lisome tangu mwanzo. Ukikuta kasoro ya Januari bado imeandikwa Juni, umejua kwa nini hujaitwa kwenye mtihani, na hukuhitaji kuja kuniuliza.

"Mkanda utamfundisha adabu"

Hii ni pacha wa ile ya kwanza. Wazazi huniletea mtoto mkorofi wakitumaini kwamba akifika rangi fulani ukorofi utakuwa umeondoka. Dojo kun yetu, kanuni za ukumbi, inaanza na kujitahidi kuukamilisha utu, ni kweli, tunaitamka kila mwisho wa darasa. Lakini kuitamka ni dakika moja. Nimeona mkanda wa kahawia akimpiga mkanda mweupe ngumi ya kweli kwenye gohon kumite, zoezi la wawili la hatua tano, ili wenzake waone, na rangi kiunoni haikumzuia. Alipoambiwa asimame pembeni wiki mbili, aje kila siku, akunje mikeka na kufagia na wadogo, hapo ndipo kitu kilianza kusogea.

Ukitaka kujua kama mtu amekua, mwangalie siku mbili: siku anapopangiwa mwenza dhaifu kuliko yeye, na Jumatatu baada ya kufeli mtihani. Miaka kadhaa iliyopita nilimfelisha kijana mmoja wa kahawia mbele ya familia yake yote iliyokuja na keki. Aliinama, akashukuru, akaondoka macho mekundu. Jumatatu saa kumi na mbili jioni alikuwa amefika kabla yangu, anafanya kiba-dachi, mkao wa mpanda farasi, ukutani peke yake. Mwenzake aliyefeli siku ileile alihamia mahali pengine, akarudi baada ya miezi miwili kutuonyesha mkanda mweusi. Wa kwanza alirudia mtihani mwaka uliofuata akafaulu, na leo ndiye ninayemwachia darasa la watoto nikisafiri.

"Miezi mitatu imetimia, zamu yangu imefika"

Muda ni sharti la kuruhusiwa kuomba mtihani. Hauwi sababu ya kufaulu. Aliyekuja mara tatu kwa wiki na aliyekuja mara mbili kwa mwezi wote wametimiza miezi mitatu kwenye kalenda. Kwa mazoezi ya kweli, mara tatu kwa wiki, mtu mzima anaweza kufika shodan kwa miaka minne hivi, wengine mitano. Ukikuta dojo inayokuhakikishia mkanda mweusi kwa tarehe, na ada ya mtihani inalipwa kabla mwalimu hajauona mguu wako, toka.

Na acheni kulinganisha rangi. Hakuna sheria ya dunia ya mikanda. Kijani cha kwetu ni bluu kwa wengine, na dan ya chama kimoja hailazimiki kutambuliwa na chama kingine. Rangi nyingi za katikati zilienea kwanza kupitia judo ya Ulaya, Paris miaka ya 1930, ambako Mikinosuke Kawaishi alizitumia ili wanafunzi wake waone wanasonga. Ni alama za njiani, na zina faida yake hasa kwa watoto. Mtoto wa miaka minane anahitaji kuona kitu kimebadilika. Mtu wa miaka thelathini anayenuna wiki nzima kwa ajili ya mkanda wa zambarau anahitaji daftari.

"Mkanda ulikuwa mweupe, ukachafuka mpaka ukawa mweusi, kwa hiyo haufuliwi"

Hapana. Rangi ilichaguliwa makusudi, kama nilivyosema, na Kano, ili kutenganisha waliofuzu na wasiofuzu. Fueni mikanda yenu. Jasho la miezi sita katika joto la Dar ni ukurutu, na mwenzako ndiye anayelikumbatia.

"Mwenye mkanda mweusi mikono yake imesajiliwa polisi"

Nimeambiwa hivi na watu wazima, wenye shahada. Hakuna daftari la namna hiyo. Ukipigana, mahakama itapima kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokuwepo, kwako na kwa muuza machungwa vilevile. Ila ukweli huu una upande mgumu: ukimvunja taya mtu aliyekutukana tu, utapata tabu sana kumweleza hakimu kwamba hukujua ngumi yako ina uzito gani.

"Mwenye medali ana karate zaidi ya mwenye dan"

Ni vipimo viwili tofauti. Karate ilipoingia Olimpiki kwenye ukumbi wa Budokan, Tokyo, Agosti 2021, washindani wa kumite, yaani wa kupigana, walifunga mikanda myekundu na ya bluu, basi. Mwamuzi hakuhitaji kujua nani ana dan ngapi. Alihesabu alama tu: yuko, waza-ari na ippon. Nawapenda washindani, nawapeleka mashindanoni kila nikipata nauli. Ila medali inasema jinsi ulivyokuwa asubuhi ile, na mtihani unauliza mambo ambayo mashindano hayaulizi kabisa.

"Kuinama ni ibada"

Swali hili nalipa heshima, kwa sababu linatoka kwenye imani ya mtu, na nina wanafunzi Waislamu na Wakristo ukumbi mmoja. Rei ni salamu. Ni shikamoo ya mwili: unamwambia mwenzako utamlinda wakati mnapigana. Picha ya Funakoshi ukutani ni picha ya mwalimu, haiombwi kitu. Mzazi asiyetaka mwanawe ainame kuelekea picha aniambie tu, mtoto atasimama kwa adabu na darasa litaendelea.

"Mimi nimeshazeeka kwa hayo"

Nina mwanafunzi wa miaka hamsini na mbili, mwanamke, mkanda wa chungwa. Alianza baada ya daktari kumwambia atembee, akaona kutembea kunachosha kichwa. Magoti yake hayapendi kiba-dachi ya chini, kwa hiyo anakaa juu kidogo, na mtahini anajua. Mawashi-geri yake, teke la kuzungusha, haifiki kichwani mwa mtu na haitafika. Inafika kwenye mbavu, na kijana anayepangwa naye Alhamisi ameshajifunza kuweka kiwiko chini mapema.