Je, wajua kwa nini kukimbia humjengea msichana kujiamini?

Jibu linalotolewa haraka kwa swali hili ni kemikali: msichana akikimbia, mwili humimina endofini, kemikali ya mwilini inayotuliza maumivu na kuleta raha, naye hurudi akiwa mchangamfu na jasiri. Jibu hilo lina harufu ya maabara, na pengine ndiyo maana halihojiwi sana, lakini lina kasoro mbili. Endofini inayoongezeka katika damu wakati wa mazoezi ni molekuli kubwa, nayo hupenya kwa shida kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Mwaka 2015 watafiti nchini Ujerumani waliziba vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo endofini hujishikiza ili kufanya kazi, katika panya, wakakuta kwamba wasiwasi wa panya hao ulipungua vilevile baada ya kukimbia. Nafuu hiyo ilitoweka pale tu vilipozibwa vipokezi vya endokanabinoidi, kemikali za mwilini zinazofanana kiutendaji na zile za bangi. Ni kinaya ambacho makocha wachache wangependa kukitangaza mbele ya wazazi. Panya si wasichana, bila shaka, na matokeo ya maabara hayahamishwi hivi hivi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Hata tukikubali kwamba kemikali huleta raha, raha hiyo hudumu kwa saa chache tu, ilhali kujiamini kunahitajika hata asubuhi ya mtihani ambayo msichana hakukimbia kabisa. Wengine husema basi ni ushindi unaomjenga. Lakini katika kila mbio mshindi ni mmoja. Kama ushindi ndio ungekuwa chanzo, mashindano yangezalisha msichana mmoja anayejiamini na kundi zima la wenye mashaka.

Maelezo yenye mashiko zaidi yalitolewa mwaka 1977 na mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeeleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na vyanzo kadhaa, na kwamba chenye nguvu kuliko vyote ni kuwa amekwisha kulifanya jambo lenyewe. Tuichukulie nafsi ya msichana kama mahakama ambayo yeye mwenyewe ndiye hakimu. Mama anaposema, “Mwanangu, unaweza,” hakimu husikiliza kwa heshima, lakini anajua kwamba huyu ni shahidi mwenye maslahi. Mizunguko minne ya uwanja aliyoimaliza jana si maneno ya shahidi. Ni kielelezo kilichowekwa mezani, na mita 1,600 hazina sababu ya kumpendelea mtu. Wiki iliyotangulia aliweza miwili tu, hivyo hata tofauti kati ya vielelezo viwili inasomeka. Mchezo wa timu hauna uwazi wa namna hii, kwa kuwa bao huwa la wengi. Hata hivyo, kielelezo kinaweza pia kumtia hatiani: msichana anayelazimishwa kukimbia umbali uliomzidi siku ya kwanza hupata ushahidi thabiti kwamba hawezi. Ndiyo maana kasi iwe yake, na ruhusa ya kutembea iwepo.

Wasichana wana haja ya pekee ya vielelezo hivi, kwa kuwa maneno dhidi yao yamekuwa mengi. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wanawake tisa walikimbia fainali ya mita 800, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Magazeti yakaandika kwamba wakimbiaji walianguka ovyo kwa kuishiwa nguvu, ingawa wote tisa walimaliza. Tetesi zilishinda kielelezo: mbio hizo ziliondolewa kwa wanawake hadi Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Kwa takwimu za mwaka 2016 za Shirika la Afya Duniani, asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, dhidi ya asilimia 78 ya wavulana.

Kujiamini ni jambo moja; stadi za maisha ni suala jingine, kwa sababu miguu haifundishi mtu kusuluhisha ugomvi. Girls on the Run, mpango ulioanzishwa na Molly Barker huko Charlotte, Marekani, mwaka 1996, huchanganya mazoezi na masomo ya makusudi kuhusu hisia, urafiki na maamuzi, kisha msimu huhitimishwa kwa kilomita 5 zisizo na ushindani. Utafiti ulioongozwa na Maureen Weiss wa Chuo Kikuu cha Minnesota ulikuta washiriki wakiwazidi wasichana wa michezo mingine katika kudhibiti hisia na kutatua migogoro, jambo linaloashiria kwamba somo lina sehemu yake kando ya mbio. Walioanza wakiwa nyuma katika vipimo vya utafiti huo ndio waliopanda zaidi, ingawa aliye chini huwa na nafasi kubwa ya kupanda, na sehemu kubwa ya vipimo ilitokana na majibu ya wasichana wenyewe.