Je, wajua? Kwa nini tovuti iliyosanifiwa upya kwa ajili ya watumiaji huwaudhi watumiaji haohao

Tarehe 18 Januari 2023, waliofungua Wikipedia ya Kiingereza kwenye kompyuta waliikuta na sura nyingine. Maandishi yalikuwa yamebanwa katikati, weupe mtupu umebaki pande zote mbili. Orodha ya yaliyomo, ambayo kwa miaka mingi ilikaa ndani ya makala chini ya utangulizi, ilikuwa imehamia pembeni kushoto, na haikuondoka hata msomaji aliposhuka chini ya ukurasa. Viungo vya lugha nyingine navyo vilitoka pembeni vikaingia ndani ya kitufe kimoja, juu, sambamba na kichwa cha makala. Sura hiyo inaitwa Vector 2022, na ilichukua nafasi ya ile iliyokuwapo tangu 2010.

Wikimedia Foundation, taasisi inayoiendesha Wikipedia, ilieleza kwamba mabadiliko hayo yalitokana na utafiti wa miaka kadhaa kuhusu mahitaji ya wasomaji. Maelezo hayo hayakutuliza mambo. Wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura ya kutaka sura ya zamani irudishwe, na kura zote zilikwenda upande huo. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mjadala ulikuwa mrefu na mkali. Waliotaka sura ya zamani walikuwa wengi kuliko walioitetea mpya, ila waliopewa kazi ya kuufunga mjadala hawakuona mwafaka, kwa hiyo mpya ikabaki.

Inakuwaje kitu kilichotengenezwa kwa kumfuata mtumiaji kikataliwe na mtumiaji mwenyewe? Jibu la haraka ni kwamba watu hawapendi mabadiliko. Lina ukweli ndani yake, lakini linawaondolea wasanifu lawama mapema mno. Ugumu mkubwa uko kwingine: kujua mtu anahitaji nini ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, na kila njia ya kujua ina mahali isipoona.

Njia inayoaminiwa kuliko zote ni kuhesabu mibofyo. Kila tovuti kubwa huhesabu, na namba huonekana hazina upendeleo. Wikipedia yenyewe ina kisa kizuri cha namna namba hizo zinavyoweza kupotosha. Mwaka 2008 Stanton Foundation, taasisi ya ufadhili, ilitoa dola 890,000 ili Wikipedia ifanywe rahisi kwa watu wanaotaka kuihariri kwa mara ya kwanza. Matokeo ya mradi huo ni pamoja na sura ya 2010, iliyoitwa Vector. Katika kusafisha ukurasa, wasanifu waliitazama ile orodha ndefu ya lugha iliyokuwa pembeni wakajiuliza inatumiwa na nani. Takwimu zikasema waliobofya humo hawafiki hata asilimia 1. Uamuzi ukaonekana wazi: orodha ikakunjwa, ikabaki kichwa chake tu, anayeihitaji aifungue mwenyewe.

Wahariri wa lugha mbalimbali walipinga vikali, na hoja zao zilikuwa nzito kuliko asilimia ile. Kwanza, asilimia ndogo ya wageni wa tovuti kubwa kiasi hicho bado ni umati wa watu. Pili, wengi wanaosoma makala moja ya Kiingereza hawana sababu ya kubofya lugha nyingine siku hiyo. Lakini siku watakapoihitaji, kiungo hicho ndicho pekee kitakachowafaa. Hoja ya tatu ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Orodha ile ilifanya kazi hata bila kubofywa. Mtu aliyeletwa na injini ya utafutaji kwenye makala ya Kiingereza, akaliona jina la lugha yake limeandikwa pembeni, alipata habari ambayo pengine hakuwa nayo: kumbe kuna Wikipedia ya lugha yangu. Habari hiyo haiachi alama yoyote kwenye kitabu cha mibofyo. Wiki chache baadaye orodha ilikunjuliwa tena.

Ukisoma kisa hicho, utaelewa kwa nini kuzihamisha lugha kwenda kwenye kitufe cha juu mwaka 2023 kuligusa kidonda cha zamani. Safari hii nia ilikuwa kinyume cha ile ya 2010. Wasanifu walitaka lugha zionekane zaidi, ziwe karibu na kichwa cha makala, mahali jicho linapotua kwanza. Kwa msomaji mgeni huenda ni kweli zimekuwa karibu. Kwa mhariri anayeruka kutoka lugha hadi lugha siku nzima, kubofya mara moja kumekuwa kubofya mara mbili. Wote wawili wanasema kweli.

Basi kama namba zinapotosha, si tuwaulize watu? Hapo kuna mtego mwingine. Ukimuuliza mtu anataka nini kwenye tovuti, atakujibu kwa adabu, atataja vitu alivyoviona kwenye tovuti nyingine, na mara nyingi ataomba kitu ambacho kikishawekwa hatakigusa. Watafiti wa fani hii walishazoea kuyapa maneno ya watu uzito mdogo kuliko matendo yao. Wanamketisha mtu mbele ya skrini, wanampa kazi ya kufanya, kisha wananyamaza na kumtazama. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa mtu anapokipita kitufe mara tatu kikiwa mbele ya macho yake na aliyekitengeneza ameketi pembeni.

Namna ya kuitaja kazi yenyewe ina ufundi wake. Ukimwambia mtu "fungua Historia ya Makala," umeshamtajia neno lililoandikwa kwenye kiungo, naye atalitafuta tu neno hilo. Ukimwambia "unashuku kwamba sentensi hii imebadilishwa wiki hii, hakikisha," hapo utajua kama ukurasa unamwongoza au unamtelekeza. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba watu wanaohitajika si wengi. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika kwamba watu watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya muundo, na kwamba kuwajaribu watano, kurekebisha, kisha kuwajaribu watano wengine kuna faida kuliko kuwakusanya kumi na tano kwa mkupuo mmoja. Hesabu yake imebishaniwa tangu hapo, na kweli haifai pale watumiaji wanapokuwa wa aina tofauti kabisa. Hata hivyo, mtu wa kwanza kutazamwa humfundisha msanifu mambo mengi kuliko ripoti nene ya takwimu.

Mfano uliotajwa sana wa kuanzia kwenye mahitaji ni GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, iliyozinduliwa tarehe 17 Oktoba 2012 kuchukua nafasi ya tovuti mbili kubwa, Directgov na Business Link, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo kuu ya usanifu ya Design Museum ya London. Timu yake iliweka kanuni kwamba kila kazi ianzie kwenye mahitaji ya watumiaji, na hitaji liandikwe kwa sentensi moja yenye sehemu tatu: mimi ni nani, nahitaji nini, ili iweje. Kwa mfano: mimi ni mwajiri, nahitaji kujua siku za mapumziko ya kitaifa, ili nipange zamu za wafanyakazi. Sehemu ya tatu ndiyo yenye nguvu. Bila hiyo "ili", ofisi yoyote inaweza kudai kwamba watu wanahitaji kusoma hotuba ya mkurugenzi.

Matokeo yake yanaonekana vizuri kwenye ukurasa wao wa siku za mapumziko. Unaufungua, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, kuna tarehe ya mapumziko yanayofuata. Tarehe nyingine zimeorodheshwa chini yake. Hakuna historia ya sikukuu hizo wala picha. Wapo walioona ni ukurasa mkavu. Mimi naona ni heshima kwa mtu aliyekuja na swali moja.

Lakini GOV.UK ilikuwa na nafuu ambayo kamusi elezo kama Wikipedia haina. Anayetafuta tarehe ya mapumziko ana kazi moja inayojulikana. Anayefungua makala kuhusu Bahari ya Hindi anaweza kuwa anataka kina chake, au picha ya jumla, au anataka kuketi asome yote. Watafiti walipowauliza wasomaji wa Wikipedia ya Kiingereza kwa nini wamefika hapo, katika utafiti uliochapishwa 2017, walikuta aina hizi tatu zote zipo: wanaotafuta jibu la haraka, wanaotaka muhtasari, na wanaotaka kuzama. Utafiti uliofuata, wa lugha 14, ukaongeza jambo la kuvutia zaidi. Katika nchi zenye kiwango cha chini cha maendeleo ya binadamu, kusoma kwa kina hutokea mara nyingi zaidi. Msanifu anayeamini kwamba kila mgeni ana haraka, anayekata maandishi na kuficha sehemu ndefu, huenda anamnyima hasa yule anayeitegemea tovuti kama maktaba yake.

Ukizingatia hayo, baadhi ya maamuzi ya Vector 2022 yanaeleweka. Mstari mrefu sana humchosha msomaji, kwa sababu jicho likifika mwisho hupotea linaporudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Wachapaji wa vitabu kwa muda mrefu wamependekeza herufi kama 45 hadi 75 kwa mstari, na kwenye skrini pana ile sura ya zamani ilivuka kiasi hicho kwa mbali. Orodha ya yaliyomo isiyoondoka inamfaa anayesoma makala ndefu. Kisanduku cha kutafutia kilisogezwa na kuanza kuonyesha picha na maelezo mafupi pamoja na majina ya makala, na Wikimedia Foundation ikaripoti kwamba utafutaji uliongezeka kwa asilimia 30 kwenye Wikipedia za lugha zilizojaribiwa. Namba hiyo nayo ichukuliwe kwa tahadhari ileile: kutafuta zaidi kunaweza kumaanisha kisanduku kimekuwa rahisi, au kwamba watu hawapati walichokuja kukifuata.

Upande wa pili yupo mhariri. Yeye hasomi tu. Analinganisha matoleo mawili ya makala kwa wakati mmoja, anatengeneza majedwali mapana, anafuatilia mabadiliko ya kurasa mamia, na weupe ule wa pembeni kwake ni nafasi ya kazi iliyonyang'anywa. Mikono yake inajua kila kitu kilipo, kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani na kupeleka mkono moja kwa moja kwenye swichi. Ukiihamisha swichi, hata kama pale pengine pangemfaa zaidi mgeni, mwenye chumba atapapasa ukuta kwa muda na atakulaumu kwa haki. Wahariri ni wachache mno wakilinganishwa na wasomaji, kwa hiyo kwenye kila hesabu ya mibofyo watashindwa. Ila bila wao hakuna cha kusoma.

Kwa sababu hiyo, mabadiliko makubwa siku hizi huingizwa polepole. Kipande kimoja huonyeshwa kwa nusu ya wageni huku nusu nyingine ikibaki na cha zamani, matokeo yanalinganishwa, kisha kipande kingine kinafuata. Vector 2022 ilianza hivyo mwaka 2020 kwenye Wikipedia za lugha chache zilizokubali kujaribu mapema, ikiwamo ya Kifaransa, zaidi ya miaka miwili kabla ya kufika ya Kiingereza. Hata hivyo, kulinganisha kwa siku chache hakuwezi kutenganisha sura mbaya na sura ngeni. Vyote viwili humfanya mtu apapase.

Mwishowe Wikipedia iliacha kutafuta sura moja itakayomtosheleza kila mtu. Wenye akaunti waliruhusiwa tangu mwanzo kurudi kwenye sura ya zamani, na kikaongezwa kitufe cha kuyapanua maandishi yajaze skrini. Mwaka 2024 ikaja menyu ya mwonekano, ambayo hata msomaji asiye na akaunti anaweza kuitumia kuchagua ukubwa wa herufi, upana wa ukurasa, na kama anataka mandhari nyeupe au nyeusi.